Wakuu wa jimu kwenye gemu za Pokémon: maswali tunayoulizwa sana hapa Mbeya

Ukurasa huu ni wa wanaojiunga nasi kucheza Jumamosi pale Mwanjelwa, na wa wazazi wanaotaka kujua watoto wao wameinamia nini. Maswali tumeyaandika jinsi tulivyoulizwa, hatukuyapanga kwa umuhimu. Palipo na ubishi kati yetu, aliyeandika ameweka msimamo wake, na asiyeridhika aje mezani tubishane.

Mkuu wa jimu ni nani?

Kwenye gemu za Pokémon unatoka mji hadi mji ukikamata na kulea viumbe wa ajabu, kisha unawapambanisha na wa wengine. Katika miji minane kuna jengo linaloitwa jimu, na ndani yake kuna mtu anayepokea wapinzani. Huyo ndiye mkuu. Ukimshinda anakupa beji. Ukikusanya beji nane unafunguliwa njia ya kwenda Ligi, waliko wakali zaidi.

Utaratibu huu ulianza na gemu za kwanza kabisa, Red na Green, zilizotoka Japani tarehe 27 Februari 1996 kwenye Game Boy. Wakuu wa wakati ule, wapenzi wa zamani bado wanawataja bila kupumua: Brock wa mwamba, Misty wa maji, Lt. Surge wa umeme, Erika wa majani, Koga wa sumu, Sabrina wa nguvu za akili, Blaine wa moto na Giovanni wa ardhi. Kila mmoja na aina yake, kila mmoja na mji wake.

Si bosi tu huyo, kama wa gemu nyingine? Kwa nini mnamwita mwalimu?

Bosi wa kawaida amewekwa ili usipite. Mkuu wa jimu amewekwa ili upite, ila siku utakayokuwa umeiva.

Angalia anavyoendesha mambo yake. Mlangoni kuna mtu anayekwambia mkuu anatumia aina gani na kitu gani kinamuumiza. Ndani kuna wanafunzi wake, nao wanatumia aina hiyohiyo, kwa hiyo ukifika mbele yake umeshaonja utakachokutana nacho. Ukipigwa, unarudi kesho wala hana kinyongo. Ukimpiga, pamoja na beji anakukabidhi mbinu anayoipenda mwenyewe, ukaitumie kwa wengine. Bosi gani wa gemu nyingine anakupa silaha yake na kukutakia safari njema? Fundi wa gereji anayempa mwanagenzi injini aifungue peke yake, yeye akakaa pembeni na chai yake, anafanya kazi ileile.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye Black na White za mwaka 2010. Jimu ya kwanza, ya mji wa Striaton, ina ndugu watatu: Cilan wa majani, Chili wa moto na Cress wa maji. Huchagui wa kupambana naye. Anajitokeza yule ambaye aina yake inamshinda Pokémon uliyeanza naye safari. Ukianza na wa majani, unakutana na moto. Watoto hulalamika kwamba huo ni uonevu. Lakini mjini hapohapo, kwenye magofu ya Dreamyard, kuna mtu anayekupa bure nyani mdogo wa aina itakayomwangusha ndugu huyo. Hujaachwa uchi. Umelazimishwa tu kuelewa kwamba Pokémon mmoja unayempenda hatakufikisha mbali, na kwamba kuzunguka mji na kuongea na watu ni sehemu ya maandalizi.

Mwaka 2018, kwenye Let's Go Pikachu na Let's Go Eevee, waliotengeneza gemu walikwenda mbali zaidi: kwa Brock mlangoni hupiti mpaka uonyeshe kwamba una Pokémon wa maji au wa majani. Hapo naona walizidisha. Mwalimu akikupa na swali na jibu, umejifunza nini?

Nimeanza na Charmander na Brock ananichapa kila nikienda. Nimekosea kuchagua?

Hapana, umechagua njia ndefu tu. Brock kwenye Red na Blue (gemu za kwanza zilivyotoka nje ya Japani) ana Geodude wa levo 12 na Onix wa levo 14. Wote wawili ni mwamba na ardhi kwa pamoja, ndiyo maana shambulio la maji au la majani linawaumiza mara nne. Mwenye Squirtle wa maji au Bulbasaur wa majani anapita akiimba. Wewe wa moto unapunguziwa nguvu nusu.

Kuna njia tatu. Ya kwanza, pita kwenye msitu wa Viridian ukamate Caterpie. Anageuka Metapod akifika levo 7, kisha Butterfree akifika levo 10, na levo 12 anajifunza Confusion, ambayo haijali ugumu wa mwamba. Ya pili, mpandishe Charmander levo kadhaa na umshambulie Onix kwa Ember hivyohivyo. Kwenye gemu zile za kwanza Onix ana ulinzi mkubwa dhidi ya kipigo cha mwili, lakini dhidi ya moto na wenzake ni dhaifu kuliko anavyoonekana. Ya tatu ni ya wanaocheza FireRed au LeafGreen za 2004: humo Charmander anajifunza Metal Claw akifika levo 13, na chuma huvunja mwamba.

Wa toleo la Yellow, mnaoanza na Pikachu wa umeme, hali yenu ni mbaya zaidi kwa sababu umeme haumgusi kabisa mwenye asili ya ardhi. Nendeni magharibi ya Viridian, njia ya 22, mkatafute Mankey wa mapigano.

Yule ng'ombe wa Whitney. Msaada!

Swali hili huja mara nyingi kuliko yote, na huja na hasira.

Whitney ni mkuu wa tatu kwenye Gold na Silver za mwaka 1999, mji wa Goldenrod. Aina yake ni ya kawaida, neno ambalo halimtishi mtu. Anatoa Clefairy wa levo 18, unamwangusha, unatabasamu. Kisha anakuja Miltank wa levo 20. Huku kwetu Rungwe ng'ombe wa maziwa ni neema ya nyumba. Huyu ni balaa. Ana Rollout, shambulio linaloanza na nguvu 30 na kuongezeka maradufu kila zamu mpaka ya tano: 30, 60, 120, 240, 480. Ana Attract, inayomfanya Pokémon dume ashindwe kupigana nusu ya muda kwa sababu ya mapenzi. Na ukibahatika kumfikisha pabaya, anakunywa maziwa yake mwenyewe na kupona.

Watu wengi hudhani dawa ni levo kubwa. Dawa ni kuvunja mfululizo. Rollout ikikosa shabaha mara moja, inaanza upya kutoka 30. Sasa kumbuka mkuu wa kwanza wa gemu hiyo, Falkner wa mji wa Violet, alikupa zawadi gani ulipomshinda: mbinu ya Mud-Slap, inayomrushia mpinzani tope na kumpunguzia shabaha. Wengi huitupa kwenye begi na kuisahau kwa sababu nguvu yake ni ndogo. Mwalimu wa kwanza alishakupa ufunguo wa mlango wa tatu, na hakuna aliyekuambia. Hapa ndipo ninapoona kwamba wakuu hawa hawakupangwa ovyo.

Zaidi ya hapo: Miltank wote ni jike, kwa hiyo peleka jike na Attract haitafanya kitu. Geodude hupokea Rollout nusu kwa sababu ya asili yake ya ardhi. Na ndani ya duka kubwa la Goldenrod kuna mtu wa kubadilishana naye Drowzee upewe Machop, ambaye ni wa mapigano, aina inayoiponda ile ya kawaida. Ukimshinda, Whitney anaangua kilio na kukataa kukupa beji mpaka uzungumze na mwanafunzi wake kisha urudi. Wadogo zetu hucheka sana hapo. Mimi huwaambia watazame vizuri: mkuu naye ana siku ambayo hajui kushindwa.

Mkuu anaweza kuwa mtu mbaya?

Anaweza. Giovanni, wa nane katika Kanto, eneo la gemu za kwanza, ndiye kiongozi wa Team Rocket, genge la wezi wa Pokémon unalokimbizana nalo gemu nzima. Jimu yake iko Viridian, mji ambao umeupita mwanzoni kabisa ukakuta mlango umefungwa. Hufunguka ukishakuwa na beji zote nyingine saba. Akishindwa anavunja genge na kutoweka, na kwenye Gold na Silver kiti chake kimechukuliwa na Blue, yule jirani aliyekusumbua tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo usimheshimu mtu kwa sababu ya kiti.

Na akiwa baba yako?

Hiyo iko Ruby na Sapphire za mwaka 2002. Norman, mkuu wa Petalburg, ni baba wa mchezaji. Mnafika mjini kwake mapema sana, unadhani baba atakupa upendeleo, naye anakwambia urudi ukiwa na beji nne. Anakuwa wa tano.

Silaha yake ni Slaking, nyani mkubwa mwenye nguvu karibu sawa na zile za viumbe wa hadithi, lakini ana uvivu wa kuzaliwa: akishambulia zamu moja, inayofuata anapumzika. Pambano lote linageuka kuwa la kuhesabu. Zamu anayoshambulia, jikinge kwa Protect. Zamu anayopumzika, mpige. Asiyehesabu hulala mapema, hata akiwa na levo kubwa. Sijaona jimu nyingine inayofundisha subira bila kuitaja hata mara moja. Na hakuna zawadi ya kitoto mwishoni, baba anakukabidhi beji kama angemkabidhi mgeni. Wazazi wanaotuuliza kama gemu hizi zina maana yoyote, hapo ndipo huwa nawaonyesha.

Beji zina kazi gani zaidi ya kujidai?

Zina kazi mbili kubwa. Kwanza zinafungua njia. Kwenye Red na Blue, bila beji ya Misty huwezi kukata miti inayoziba njia kwa Cut, bila ya Surge huwezi kuruka mji hadi mji, na bila ya Koga huwezi kuvuka bahari.

Pili ni utii. Kaka yako akikuhamishia Pokémon wake wa levo 60 ili umalize gemu kwa siku moja, atakugomea. Utamwambia ashambulie, yeye atalala au kugeuka pembeni. Katika gemu hizo za kwanza, bila beji ya kuwatuliza, wa kupewa hukutii mpaka levo 10 tu. Ya Misty inakufikisha 30, ya Erika 50, ya Sabrina 70, na ya Giovanni inamaliza ubishi. Kwenye Scarlet na Violet hata uliyemkamata mwenyewe anaweza kukugomea kama levo yake ilikuwa kubwa kuliko beji zako. Wale wanaokuja Mwanjelwa na Pokémon wa kuazima wameshaonja aibu hiyo mbele za watu.

Kutumia aina moja tu si ujinga? Kila mtu anajua pa kukupiga.

Kwa anayetaka kushinda, ni ujinga kweli. Kwa anayetaka kupima, hakuna njia bora. Aina sasa ziko 18 (zilikuwa 15 mwaka 1996, giza na chuma zikaongezwa 1999, na Fairy, ile ya kichawi, mwaka 2013), na hakuna anayezishika zote kwa kukariri jedwali. Unazishika kwa kupigwa na kila moja.

Mkuu anayejua kazi yake huacha mlango wazi kisha akaweka kizuizi kimoja nyuma ya mlango. Asiye na watu wa kutosha wa aina yake huishia kuchekesha. Volkner wa Diamond na Pearl, 2006, anasifiwa gemu nzima kuwa bingwa wa umeme, halafu nusu ya timu yake ni Ambipom na Octillery, ambao hawana hata chembe ya umeme asilia. Kuna mwenzetu anamtetea kwamba huo ni mtego kwa waliojaza timu ya ardhi. Hajanishawishi.

Gemu mpya bado zina jimu?

Nyingi ndiyo, ila zinabadilika sura. Sun na Moon za 2016 ziliondoa jimu zote. Badala yake kuna visiwa vinne, makapteni wanaokupa majaribio, na mwisho wa kila kisiwa kuna mzee wa kisiwa, kahuna. Hapo unaweza kuambiwa utafute vitu porini kabla ya kupambana na Pokémon mkubwa kuliko kawaida. Sword na Shield za 2019 zikarudisha jimu kwa kishindo: viwanja vilivyojaa mashabiki, wakuu ni mastaa, na wengine hutegemea toleo ulilonunua. Mwenye Sword anakutana na Bea wa mapigano, mwenye Shield anakutana na Allister wa mizimu.

Scarlet na Violet za 2022 zinakuachia uende jimu yoyote kwa mpangilio wowote. Nilidhani zitakuwa nzuri kuliko zote kwa hilo. Tatizo, levo za wakuu hazibadiliki kukufuata: Katy wa wadudu anaishia levo 15, Grusha wa barafu mlimani anaishia 48. Ukienda kwa Grusha mapema unapondwa, ukirudi kwa Katy mwishoni unamwonea. Uhuru upo, lakini ule mfuatano wa Falkner hadi Whitney umepotea.

Kilichonifuta machozi ni Larry, mkuu wa aina ya kawaida wa mji wa Medali: mwajiriwa wa Ligi, suti, uso wa mtu aliyechoka na kazi, na tena amepewa kazi ya pili kwenye Wanne Bora, wale wakali wa Ligi, akitumia aina ya anga. Mtihani wake ni kugundua chakula cha siri cha kuagiza kwenye mgahawa, na pambano linafanyika mlemle ndani. Sisi tunaochezea kwenye mgahawa, huku mtu anapitisha chipsi mayai juu ya vichwa vyetu, tulimpenda papo hapo.

Nje ya Pokémon, Temtem ina mabingwa wa dojo, na Cassette Beasts ya 2023 ina makapteni wa walinzi waliotawanyika kisiwani. Palworld ya 2024 ina mabosi wa minara, lakini hao ni mabosi kweli: wana dakika kumi za saa na hawana la kukufundisha.

Jimu za Pokémon GO je?

Hizo hazina mkuu. Ni sehemu halisi mitaani ambazo wachezaji wenyewe hunyang'anyana kwa timu tatu. Ni burudani, siyo mada yetu.

Mwanangu wa Darasa la Tano anashinda kwenye mambo haya. Anajifunza kupigana?

Mama, Pokémon hawafi wakishindwa, wanazimia na kupelekwa kituo cha tiba, bure. Mchezaji akishindwa kabisa kwenye gemu za mwanzo hupoteza nusu ya fedha zake na kurudishwa kituoni. Anachojifunza zaidi ni hesabu za mara mbili na nusu, na kusoma, kwa sababu gemu zote ni maandishi. Hoja ya muda ni yako na yake nyumbani. Hapa kwetu saa kumi na moja jioni tunawatoa watoto wote.

Nimeambiwa nishike jimu ya kijiwe chetu. Nianzeje?

Hongera, na pole. Sisi tuligawana aina kwa maeneo: Uyole majani kwa ajili ya mashamba yao, Tukuyu maji kwa mvua zisizokata, Kyela moto kwa joto la kule ziwani. Vijana wa Iringa walidai mwamba kwa heshima ya jiwe lao la Gangilonga, na hakuna aliyewapinga.

Tangaza aina yako wiki nzima kabla. Weka timu ya Pokémon watatu, siyo sita, na wote wachezwe levo 50 kama ilivyo kwenye mashindano rasmi, ili mwenye gemu ya juzi asionewe na mwenye saa mia tano. Viumbe wa hadithi waache nyumbani. Mmoja kati ya watatu awe na dawa ya udhaifu wako unaojulikana. Mkuu wetu wa Uyole, binti wa chuo, hubeba mmoja anayekula moto, na kila mtoto aliyekuja na Charizard pekee amerudi nyumbani akifikiri upya.

Pambano likiisha na mpinzani amepigwa, usimwambie timu ya kuunda. Muulize ni zamu gani aliyoona mambo yanaharibika. Akiijua, mpe nafasi ya kurudia Jumamosi ijayo. Asipoijua, rudieni pambano taratibu pamoja. Wakuu wawili tumewahi kuwaondoa, na wote wawili walikuwa hawajawahi kushindwa. Jimu isiyotoa beji hata moja kwa miezi ni kazi iliyokufa, hata kama mwenyewe anaringa nayo mjini. Anayegawa beji kwa kila anayepiga hodi naye tunamsema, ila huyo hubadilika haraka akiona watoto wanacheka beji zake.

Beji zetu ni vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi na kuchorwa kwa mkono. Zawadi ya kuambatana nayo ni Pokémon mmoja uliyemlea mwenyewe, anayejua mbinu iliyomshinda mpinzani mara ya kwanza.

Umeme ukikatika?

Switch, kifaa cha mkononi tunachochezea, ina betri na pambano la karibu halihitaji intaneti, vifaa viwili vinaonana vyenyewe. Njoo umechaji. Mwezi wa sita na wa saba njoo pia na sweta, vidole vilivyoganda hubonyeza vibaya na hatukubali hicho kuwa kisingizio.

Sina Switch. Nina simu tu.

Njoo utazame na ukae upande wa mkuu. Wengi wetu tulijifunza aina zote 18 kwa kukaa nyuma ya bega la mtu, na vifaa huzunguka mezani ukishajulikana. Wa kutoka Iringa na Njombe wanaokuja kwa basi, tuambieni mapema ili pambano lenu liwekwe mchana, kabla ya gari la kurudi.